Watoto wanachoka makumbusho kabla ya nusu saa: nirudi nao au niache?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaishi Kimara, Dar es Salaam, na nina watoto watatu wa miaka 4, 7 na 11. Mwaka jana niliwapeleka Makumbusho ya Taifa kule Posta nikidhani watafurahi. Nusu saa haikuisha, mdogo analia, wa kati anaulizia chakula, na mkubwa akasema kila kitu mle ndani kimekufa. Nauli na viingilio vikaenda bure. Sasa likizo inakaribia, na mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Muleba. Ningependa tutoke kama familia, ila yeye miguu inamsumbua na nilifikiri abaki nyumbani. Je, nirudi nao makumbusho, au niwapeleke ufukweni tu kama wafanyavyo wenzangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Warudishe, lakini safari hii usianzie Posta. Wapeleke kwanza Kijiji cha Makumbusho, kule Barabara ya Bagamoyo, na mama mkwe wako awe wa kwanza kuingia kwenye gari. Makumbusho ya Taifa iwe safari ya pili, wiki mbili au tatu baadaye, na siku hiyo mwende kwa ajili ya vitu vitatu tu. Nitakueleza sababu zake, kwa kuwa ushauri usio na sababu haukusaidii pale mtoto anapokaa chini katikati ya ukumbi na kukataa kunyanyuka.

Nimefanya kazi ya kutembeza watoto kwenye kumbi za makumbusho kwa miaka mingi, na lililokupata wewe mimi nililifanya nikiwa nalipwa mshahara. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipokea watoto kama sitini kutoka shule moja ya msingi, nikawapitisha chumba hadi chumba na kabati hadi kabati, nikiwasomea vibao kwa sauti ya mhubiri, huku nikiamini kwamba nikiruka hata kabati moja nitakuwa nimewadhulumu wazazi waliochanga fedha za safari. Tulipomaliza chumba cha mwisho nikauliza kama kuna mwenye swali. Mkono mmoja ukanyooshwa nyuma kabisa, na mimi nikafurahi. Mtoto akauliza basi linaondoka saa ngapi.

Mtu mzima akishalipa kiingilio hutaka kuona vyote vilivyomo, aone fedha yake imefanya kazi. Mtoto hana habari na hesabu hiyo. Akikuta kitu kilichomshika anataka kubaki nacho, akizunguke, aondoke kidogo kisha akirudie, na sisi ndio tunaomvuta mkono tukimwambia twende, bado kuna vingine. Ukimvuta hivyo mara sita, mara ya saba hatazami tena chochote, kwa sababu amekwisha kujua kwamba ataondolewa. Hapo ndipo huanza kulia au kuulizia chakula. Yule wako wa miaka 4 alikuwa na tatizo la ziada ambalo wazazi wengi hawalioni mpaka wachuchumae. Siku mtakayorudi, chuchumaa mbele ya kabati lolote hadi macho yako yawe sawa na ya kwake, na utakuta kwamba kinachoonekana kutoka pale ni ukingo wa meza, mng'ao wa taa kwenye kioo, na magoti ya watu.

Ndiyo maana ninakupeleka Kijiji cha Makumbusho kwanza. Kijiji hiki kipo tangu miaka ya 1960, na jina lake limesambaa hadi likawa jina la kata na la kituo cha daladala, kiasi kwamba makonda hushinda wakiita "Makumbusho, Makumbusho!" na watu wakapanda na kushuka miaka nenda rudi bila kujiuliza ni makumbusho gani yanayoitwa. Ndani yake mna nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania, za Wahaya, Wagogo, Wachaga, Wazaramo, Wanyamwezi na wengineo, zilizojengwa kwa ukubwa wake wa kawaida, kila moja na eneo lake, chini ya miti. Hakuna kioo katikati ya mtoto na kitu. Anainama mlangoni, anaingia, anagusa ukuta, anatoka upande wa nyuma, na akichoka anakaa kwenye kivuli bila mtu kumwambia anyamaze.

Hata huko, msizungukie nyumba zote. Chagueni mbili zinazopingana, na mimi ningechagua msonge wa Kihaya na tembe la Kigogo. Msonge ni nyumba ya duara iliyoezekwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, hata mtu akiitazama kwa mbali haoni ukuta. Tembe ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, yenye kuta za udongo na paa bapa lililotandazwa miti na matawi kisha likafunikwa kwa udongo. Mweke mtoto wa miaka 7 mbele ya tembe umuulize jambo moja tu: mvua ikinyesha, maji yataenda wapi? Mwache afikiri, asipewe jibu haraka. Halafu mpeleke kwenye msonge umuulize hilohilo. Bukoba, kwa Wahaya, hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na Dodoma, kwa Wagogo, ni kama milimita 600, nazo huanguka ndani ya miezi michache kisha mbingu zikafunga. Mtoto hahitaji tarakimu hizo, wewe ndiye unayezihitaji, ili akikuambia kwamba paa la Wagogo likipelekwa kwa bibi yake lingegeuka tope, ujue kwamba amefika mwenyewe mahali ambapo mimi nilitumia vibao vitatu kuwapeleka wenzake.

Mkiingia ndani ya msonge, msiwashe tochi ya simu. Kaeni chini wote kwa dakika mbili bila kuzungumza. Mwanzoni ni giza tupu na harufu ya nyasi kavu. Kisha macho yanazoea, nguzo zinajitokeza moja baada ya nyingine, halafu juu zinaonekana fito zilizopindwa kwa duara, kubwa chini na ndogo juu, zikipanda hadi kileleni. Yule mdogo ataliona hilo kabla yenu, kwa kuwa tayari analala chali bila kuambiwa. Kama anaogopa giza, akae mapajani kwako karibu na mlango, wala asilazimishwe. Huenda pia mkakuta nyumba mojawapo imevuliwa nyasi na mafundi wako juu yake, kwa sababu nyumba za udongo na nyasi hazikai bila kukarabatiwa, hasa kwa mvua na mchwa wa Pwani. Msinung'unike kwamba mmekosa. Nyumba iliyo uchi inaonyesha mifupa yake, na kwa watoto hilo ni bora kuliko iliyokamilika.

Sasa nije kwa mama mkwe wako, maana umemtaja kana kwamba ni kikwazo. Mtu mzima aliyekulia Muleba ama alilala ndani ya msonge, ama alisimuliwa habari zake na aliyelala humo. Niliwahi kusimama pembeni nikimsikiliza mwongozaji kijana akiwaeleza watu wa familia moja juu ya nyumba hii, akieleza vizuri tu, mpaka bibi yao akamkatiza kwa upole: "Ngoja baba, hujawaambia ndama walilala wapi." Akaichukua fimbo yake, akachora kwenye sakafu ya udongo: huku ndama, huku moto, hapa mgeni hukaribishwa, pale mgeni hapiti. Akaeleza walivyokuwa wakitandaza nyasi mbichi sakafuni mgeni akitarajiwa, na nani alitumwa kuzikata. Wajukuu, ambao dakika tano kabla walikuwa wakigombania chupa ya soda, walichuchumaa wote kuuzunguka ule mchoro. Mwongozaji naye alichuchumaa.

Kwa hiyo huyo ndiye mwongozaji wenu. Suala la miguu linatatulika kwa kigoda au kiti cha kukunja, na kwa kuchagua nyumba zisizotupana. Akae chini ya mti karibu na msonge, ninyi mzunguke na kumrudia. Ila waandae watoto usiku wa kuamkia safari, kwa sababu ukimwambia mtoto "muulize bibi maisha ya zamani yalikuwaje", bibi atajibu kwamba yalikuwa mazuri, na mazungumzo yataishia hapo. Maswali yawe madogo: mtungi wa maji ulikaa wapi, nani alifagia, usiku mlikuwa mkiogopa nini, mtoto akikosea alikimbilia kwa nani. Akijibu kwa Kihaya neno moja moja, mwache. Baba yao atawatafsiria jioni, na hilo nalo ni jambo.

Alasiri huwa kuna ngoma za asili kijijini hapo. Piga simu siku moja kabla uulizie siku na saa, maana ratiba hubadilika. Wasogeze watoto karibu na mpigaji, mdogo asimame mahali ambapo ataisikia ngoma tumboni kabla ya masikioni. Ombi langu moja ni kwamba usimsukume acheze ili umpige picha ya video. Akitaka ataingia mwenyewe, na asipotaka, kutazama kunamtosha.

Chakula kiende na ninyi kutoka nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, maji mengi. Wale kabla ya kulalamika, yaani mara mfikapo, hata kama walikunywa chai saa moja iliyopita. Jumla ya muda ndani isizidi saa mbili, ngoma ikiwemo. Mkiondoka huku wa kati anasema bado, hapo mmeondoka wakati mzuri.

Tuje Posta. Jengo la kwanza la makumbusho yale ya Mtaa wa Shaaban Robert lilifunguliwa kwa umma mwaka 1940 likiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na tangu wakati huo pameongezwa majengo na kumbi, kwa hiyo si mahali pa kumalizwa kwa siku moja hata na mtu mwenye hamu. Vitu vyenu vitatu viwe fuvu, nyayo na magari.

Fuvu ni lile la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, nalo lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Usimtajie mtoto wa miaka 7 tarakimu hiyo, maana kwake ni sawa na juzi. Mwambie aweke vidole vyake kwenye panja, juu kidogo ya masikio, kisha atafune kitu ambacho hakipo. Atahisi msuli ukinyanyuka na kushuka chini ya ngozi. Msuli huo kwetu unaishia ubavuni mwa kichwa. Halafu atazame fuvu: utosini pana ukingo wa mfupa uliosimama kama upanga wa jogoo, na ndipo msuli wa kutafunia wa kiumbe huyu ulipopanda hadi kushikilia. Atazame na magego, alinganishe na yake kwa ulimi. Huyu alikuwa mtafunaji. Watoto wakishajua hilo huzunguka kabati wakitafuna hewa, na walinzi wamekwisha kuzoea. Yule wa miaka 11 mwambie kuhusu jina. Zinj ndiyo namna wanajiografia wa Kiarabu wa kale walivyoiita pwani yetu, na neno hilohilo limo ndani ya jina Zanzibar. Louis Leakey, mume wa Mary, alilichukua akampa kiumbe wa bara. Akiuliza kama fuvu lile ni lenyewe, usimjibu kwa kubahatisha. Fuvu halisi ni mali ya Makumbusho ya Taifa, lakini kinachowekwa mbele ya wageni mara nyingi ni nakala, kwa hiyo mpeleke kwa mwongozaji aulize mwenyewe, tena aulize na kwa nini kitu halisi hufichwa. Kwa umri wake, swali hilo linazaa mazungumzo ya nusu saa.

Nyayo ni zile za Laetoli, zilizofukuliwa mwaka 1978 na kikundi kilichoongozwa na Mary Leakey huyohuyo. Viumbe waliotembea kwa miguu miwili walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, majivu yakagandamana, na alama zikabaki kwa zaidi ya miaka milioni 3.6. Zenyewe ziko kule kaskazini, zimefukiwa tena ili zisiharibiwe, na Posta mtakuta nakala. Jambo la kufanya lifanyike nyumbani kabla ya safari. Chukua uzi, pima wayo wa kila mtoto kutoka kisigino hadi kidole gumba, kata, funga fundo lenye alama yake. Nyayo ndogo katika zile zilizofukuliwa mwaka 1978 zina urefu wa sentimita 18 na nusu hivi. Ninabashiri kwamba uzi wa mtoto wako wa kati utakuwa karibu sawa kabisa na wayo ule, na sitaki kukuelezea sura yake atakapoligundua hilo, kwa kuwa nimeiona kwa watoto wengi na sijachoka nayo.

Magari sina mengi ya kuyasema. Ni magari ya zamani ya viongozi, likiwemo Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Yawekeni mwisho kama tunda baada ya mlo, na msishangae iwapo hicho ndicho mdogo atakachokikumbuka mwaka mzima.

Pana mambo ambayo ungetaka kuamua kabla hujafika. Kumbi za historia zina habari za utumwa, za utawala wa Wajerumani na za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na makumbusho hayo yanahifadhi pia kumbukumbu ya mlipuko wa Ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998. Mtoto wa miaka 4 mpitishe. Wa miaka 7 akisimama na kuuliza, mjibu kweli kwa sentensi moja au mbili, kwamba hawa walifungwa na kuuzwa, kisha unyamaze usikie swali lake linalofuata, maana mara nyingi anachotaka kujua ni kidogo kuliko unachoogopa. Mkubwa anaisoma historia hii shuleni, kwa hiyo anaweza kusimama hapo na baba yake wakati wewe umekwisha kutoka nje na wadogo. Jirani pana Bustani ya Mimea, yenye miti ya tangu enzi za Wajerumani na kivuli cha kutosha. Kugawana namna hiyo kunaokoa safari nyingi, na sijui kwa nini familia hudhani ni lazima ziandamane mwanzo hadi mwisho kama msafara wa harusi.

Kuhusu huyo mkubwa aliyesema kila kitu kimekufa, mimi sioni kama alikosea. Alitazama mtungi ukiwa peke yake ndani ya kioo, bila maji, bila kata, bila mtu wa kuubeba. Usimbishie. Mpe daftari na penseli, simu ibaki mfukoni mwako, na umwombe achague kitu kimoja tu siku nzima, akichore, kisha atafute kasoro yake: ufa, mahali palipoungwa, upande uliolika kuliko mwingine. Mpini wa jembe ulioliwa upande mmoja unakuambia mkono uliolishika. Nimewaona wavulana wa umri wake, wale wanaoingia wakiwa wamekunja mikono, wakilala kifudifudi sakafuni kutafuta ufa. Mchoro ukiwa mbaya haidhuru, kwa sababu ili achore amelazimika kutazama dakika kumi, na mwaka jana hakutazama chochote kwa dakika moja.

La fedha na njia ni fupi. Viingilio vya raia ni vya chini sana kuliko vya wageni kutoka nje, na vya watoto ni vya chini zaidi, lakini beba kitambulisho chako cha Taifa, na bei ya sasa iulize kwenye simu hiyohiyo ya kuulizia ngoma. Kutoka Kimara, kwenda Kijijini mnaweza kupanda mwendokasi hadi Morocco kisha daladala za Mwenge au Makumbusho, ila siku ya bibi kodini teksi, na fedha hiyo ipunguzeni kwenye soda. Kwenda Posta, mwendokasi wa Kivukoni unatosha, mshuke Posta ya Zamani na kumalizia kwa miguu kabla jua halijawa kali. Siku za kazi asubuhi mnaweza kukutana na mabasi ya shule, na ukumbi wenye watoto mia moja si mahali pa kumtafunisha mtu hewa. Ikitokea, kaeni bustanini mpaka watoke.

Bibi naye kama amekuja na kigoda chake kutoka Muleba, msimnunulie kiti kipya. Mpeni mkubwa akibebe, na akifika amwekee bibi chini ya mti, upande ambao mlango wa msonge unaonekana.